Wiki ya Derby farasi anapumzishwa, binadamu ndio hawalali

Kila mwaka Derby ya pale Ngong Racecourse ikikaribia lazima kuna mtu ataniuliza, juu wanajua anko wangu ni saisi, yaani mtunza farasi, kule ndani, "sasa hao farasi saa hii si wanakimbizwa mpaka usiku?" Watu wanaichukulia kama mtihani, mwanafunzi anakesha na vitabu wiki ya mwisho anaingia chumbani macho mekundu lakini kichwa kimejaa. Farasi haendi hivyo. Ukimkimbiza sana wiki ya mwisho unamleta uwanjani akiwa ameshamaliza mbio zake mazoezini, na hiyo ni kama una bahati, juu ukikosa bahati unamvunja mguu kabisa. Wiki ya Derby ndio anafanya kazi kidogo kuliko wiki nyingi zilizotangulia, na ukitaka kujua treina, yule anayewafunza farasi, ni mtu wa aina gani mwangalie hizo siku, uone kama anaweza kujizuia.

Kwa wale hawajawahi kufika, Derby ya Kenya ni mita 2400 kwenye nyasi, farasi wa miaka mitatu peke yao. Ina maana kila farasi anapata nafasi moja tu maishani. Akiumwa mafua wiki hiyo basi imeenda, mwaka ujao ana miaka minne na hakuna wa kumsikiliza. Mtindo wenyewe umetoka Epsom huko Uingereza, ambako Derby ya kwanza ilikimbiwa 1780. Hadithi inasema Earl wa Derby na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu kuamua mbio ziitwe kwa jina la nani, Bunbury akashindwa sarafu lakini farasi wake Diomed ndiye akashinda mbio zenyewe. Mimi hapo ningechukua farasi bana, jina la nini.

Nairobi mbio zimekuwepo tangu mji ukiwa mabati na matope. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa mashariki ya mji, ndio maana mpaka leo kuna Racecourse Road kule Kariokor na watu wanapita hapo kila siku bila kujiuliza farasi wako wapi. Farasi walihamia Ngong Road 1954, pembeni ya msitu, na huko ndiko wako mpaka sasa, na katikati ya njia ya mbio siku hizi kuna uwanja wa gofu.

Sasa turudi kwa anko. Anko ameshika farasi tangu akiwa kijana, ameona matreina wakija na kwenda, ameona majoki, wale wapanda farasi, wakianza wembamba wakimaliza wanene. Yeye ni mtu wa maneno machache. Nikiwa naenda kumtembelea kule kwa mastebo, yaani mabanda ya farasi, lazima nifike kabla jua halijatoka, juu kazi ya farasi inaisha wakati watu wa ofisi ndio wanaanza kutafuta matatu. Kitu cha kwanza anachofanya akifungua mlango wa stebo hata hamwangalii farasi. Anaangalia ndoo. Farasi wa mbio akiacha chakula kuna kitu, labda tumbo, labda homa, labda ameshaanza kuchoka na kazi na hujui, na ndoo inakuambia siku mbili kabla mwili haujasema. Halafu anampima joto, farasi mzima anacheza kati ya digrii 37.5 na 38.5 hivi, ikipanda juu ya hapo hakuna kutoka nje, treina apende asipende. Halafu ndio anainama kwa miguu.

Hapo kwa miguu ndio nimemwona akikaa muda mrefu hadi nasikia baridi. Anapitisha mkono nyuma ya mguu wa mbele, chini ya goti kushuka mpaka kwenye kifundo, wa kushoto, wa kulia, anarudia wa kushoto. Anatafuta joto. Hapo nyuma kuna kano inayobeba uzito wote farasi akiwa anakimbia, na ikianza kuchanika hata kidogo sana inatoa joto kabla farasi hajachechemea. Farasi wa mbio ana kilo 450 mpaka 500 na zaidi, anakimbia kilomita 60 na kitu kwa saa, na kuna nukta kila hatua ambapo huo mwili wote umesimama juu ya mguu mmoja. Mmoja! Nilipoelewa hiyo nikaacha kushangaa kwa nini anko anashika miguu kama mtu anasoma barua ya mahakama.

Kazi yenyewe inaanza miezi mingi nyuma. Kwanza ni kutembea tu, halafu kwenda matiti, ule mwendo wa kati, si kutembea si kukimbia, halafu shoti, yaani mbio zenyewe, lakini ya polepole, wiki baada ya wiki, na ni ya kuchosha hata kuangalia. Lakini mfupa wa farasi mchanga unajijenga kulingana na kazi unayopewa, ukiupa polepole unakaza, ukiuharakisha unapata maumivu ya muundi, farasi wa miaka miwili wengi wanayapata. Mapafu na moyo vinakuja haraka zaidi kuliko mifupa na kano na hapo ndipo mtego uko, juu farasi anaonekana yuko tayari, anavuta hatamu, anataka kwenda, pumzi anayo, na miguu bado. Treina wa haraka anaona pumzi. Treina mzuri anangoja miguu.

Kukimbizwa kwa nguvu kabisa, yaani ile ya kufunguliwa, ni mara mbili hivi kwa wiki, si kila siku. Siku zingine anatembezwa, anapelekwa taratibu, anapelekwa kula majani kidogo. Na ile kazi kubwa ya mwisho kabla ya Derby inafanywa kama siku kumi au wiki moja kabla. Baada ya hapo huwezi kuongeza chochote chenye maana, unaweza kupunguza tu. Pengine siku mbili tatu kabla anafunguliwa kwa umbali mfupi kumwamsha, dakika haiishi, basi.

Mwili wake pia ni maajabu na siwezi kupita bila kusema. Moyo wa farasi aliyetulia stebo unapiga mara 30 na kitu kwa dakika, akiwa anakimbia unapita 200. Na wengu wake unafanya kazi ya benki, umehifadhi chembe nyekundu za damu, akianza kukimbia unajikamua na kuzimwaga zote kwenye mishipa, kwa hiyo damu yake inakuwa nzito ya kubeba oksijeni ndani ya muda mfupi. Binadamu akitaka hivyo anakwenda kupigwa sindano na anafungiwa na wakubwa wa riadha. Tena farasi hapumui kwa mdomo, ni pua tu, na akiwa kwa shoti anapumua mara moja kwa kila hatua, tumbo na mapafu vinakwenda na miguu, hawezi kuamua kuvuta pumzi ya ziada. Kwa hivyo joki akimsukuma mapema anamalizia pumzi yake mwenyewe njiani. Na ukumbuke tuko Nairobi, zaidi ya mita 1700 juu ya bahari, hewa si ile ya Mombasa.

Chakula nacho ni vita ya kila siku. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote hata kama hali, maumbile yake ni mnyama wa kutembea anachunga saa nyingi kwa siku. Sasa wewe unamfungia stebo, unampa oti na pumba na molasi ili apate nguvu, hei kidogo, yaani majani makavu, na presha ya kazi juu yake. Ndio maana vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa kawaida sana kwa farasi wa mbio. Anko anagawa chakula mara nyingi kidogo kidogo na anapigania hei, anasema farasi bila kitu cha kutafuna anaanza kutafuna mlango, halafu anaanza kutafuna roho yake mwenyewe. Sijui daktari wa mifugo atasemaje kuhusu hiyo ya roho lakini mimi naikubali.

Nataka kusimulia kuhusu jike mmoja, wa rangi ya kahawia, jina lake naliacha juu mwenyewe yuko na hapendi mambo yake mtandaoni. Alikuwa mdogo wa mwili, si wale unawaona unasema huyu ndiye. Lakini alikuwa anakula kila kitu, analala chini kama mtoto, na farasi anayelala chini ni farasi ambaye roho yake imetulia, juu wanaweza kusinzia wakisimama lakini ule usingizi wenyewe mzito lazima walale chini. Alishakimbia vizuri msimu huo, akaanza kutajwatajwa. Sasa zimebaki kama siku kumi, siku ya ile kazi kubwa, anko anainama asubuhi na kusikia joto mguu wa mbele wa kushoto. Kidogo. Mimi niliwekewa mkono hapo nikasema sisikii kitu. Akaniambia, "Kijana, rudisha mkono, tumia upande wa nyuma wa vidole." Nikarudisha. Bado sikusikia kitu nikanyamaza tu.

Treina akaja, akashika, akasimama kimya. Mwenye farasi naye yuko hapo amekuja na thamosi yake ya chai kuona farasi wake akifunguliwa, amealika na rafiki. Na hapo ndipo nilipoona kazi ya treina ni nini hasa, juu mwenye farasi anasema si ni joto kidogo tu, Derby ni moja, tukikosa hii kazi atafika hajakamilika. Na hakuwa anasema upuuzi! Ni kweli angefika hajakamilika. Treina akasema, "Afadhali nimpeleke akiwa amepungukiwa na kazi moja kuliko nimpeleke na miguu mitatu." Farasi akarudishwa ndani, maji baridi ya mpira kwa mguu nusu saa, bendeji, kutembezwa kwa mkono siku kadhaa. Mwenye farasi akaondoka bila kuaga vizuri.

Hiyo biashara ya kushindana na miguu mibovu ni ya zamani hapa kwetu. Beryl Markham, yule mama ambaye dunia inamjua kwa kuruka na ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza kwenda magharibi 1936, kabla ya ndege alikuwa mtu wa farasi, amekulia Njoro kwenye shamba la babake aliyekuwa anafunza farasi, na akapata leseni ya utreina akiwa bado msichana wa miaka kumi na nane hivi. 1926 alishinda St Leger ya Kenya, mbio nyingine kubwa, na jike anaitwa Wise Child, na huyo Wise Child kano zake zilikuwa zimeshaharibika kabla hajafika kwake. Alimjenga polepole kwa wiki nyingi bila kumvunja. Baadaye alirudi kwa farasi, na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye nyumba ndogo pale pale Ngong Racecourse mpaka akafariki 1986. Watu wanaongea kuhusu ndege tu. Mimi nikiwa kule mastebo asubuhi nafikiria zaidi hizo wiki za kushika mguu wa Wise Child, juu ndege ukiisharuka unaenda tu, ila mguu unakuuliza swali lile lile kila asubuhi.

Halafu kuna mvua. Derby yetu kwa kawaida inaangukia karibu na Aprili, yaani masika, na jirani wa racecourse pale Dagoretti Corner ni idara ya utabiri wa hali ya hewa yenyewe, matreina wangeweza kwenda kuuliza kwa miguu. Ardhi ikiwa ngumu farasi mwenye miguu mibovu anaumia, ikiwa laini sana farasi mwepesi wa kuteleza anazama na anachoka. Mvua ya usiku mmoja inabadilisha nani anapewa nafasi. Na mvua inaleta visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyobeba ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Pundamilia anautembeza mwilini bila hata kukohoa lakini farasi anaweza kufa nao ndani ya siku chache. Kuna chanjo, na kuna sheria ya stebo kwamba jua likianza kuzama farasi wote wako ndani, juu hivyo vidudu vinauma magharibi na usiku. Ukienda pale jioni utaona masaisi wanawaharakisha farasi utadhani mvua inakuja, kumbe ni visubi.

Ile wiki yenyewe basi. Jike wetu mguu ulipoa. Akafanya kazi moja fupi tu. Fundi wa viatu akaja akamtoa vile vyuma vizito vya mazoezi akampigilia vile vyepesi vya alumini, misumari inapita ukutani mwa kwato ambapo hakuna hisia, lakini ukikosea kidogo ukaingia nyama basi Derby imeishia hapo, na nilimwona anko akitoka nje wakati fundi anagonga, hakutaka kuona. Akapelekwa tena mara moja kwenye geti za kuanzia asimame ndani, afungiwe, atoke akitembea. Hiyo wanaifanya tangu akiwa mdogo, juu farasi ni mnyama wa kukimbia hatari na wewe unamfungia kwenye kasanduku ka chuma, pande zote kuna wenzake wanapiga mateke. Usiku wa mwisho anko alilala kwenye gunia la hei nje ya mlango. Nikamuuliza kama kuna mtu anaogopa atamwibia farasi. Akasema anaogopa msokoto wa tumbo, farasi hawezi kutapika, kikimkaa tumboni kimemkaa.

Jumapili sasa. Mimi upande wa watazamaji. Nilipanda matatu ya 111 kutoka mjini, jam imeanza pale Junction, kondakta anaimba "Racecourse Racecourse" na watu wamevaa kuliko kanisani. Derby ni siku ya kofia. Kuna wanaokuja na mahema yao na meza na kitambaa cheupe, kuna familia za Kihindi na vyungu vya chakula, kuna vijana wa Instagram ambao sina uhakika kama waliona farasi hata mmoja, kuna wazee wa siku zote, wale wana gazeti la programu limekunjwa mfukoni na kalamu nyuma ya sikio, wanajua baba na nyanya wa kila farasi na hawasalimii mtu. Mimi nilisimama karibu na hao wazee. Ushauri wangu wa bure kama unaenda mara ya kwanza, simama karibu na wazee na usiongee.

Na usiende moja kwa moja kwenye jukwaa. Nenda kwenye paredi, pale kwenye kiduara cha nyasi ambapo farasi wanatembezwa kabla ya kila mbio. Watu wengi wanapita hapo wakienda bar, na ndio mahali pekee utaona kazi ya miezi yote ikiwa karibu na pua yako. Angalia jinsi anavyotembea. Kwato ya nyuma inatakiwa itue mbele ya alama ya kwato ya mbele, mwendo mrefu wa kulegea, kichwa kinacheza juu chini. Angalia manyoya kama yanang'aa. Angalia jasho, kama ana povu jeupe katikati ya mapaja na shingoni huyo anakimbia mbio zake hapo hapo, akifika getini hana kitu. Kulikuwa na dume mmoja mkubwa siku hiyo, mzuri kweli, anaruka ruka, saisi wake ananing'inia, watu wote wanapiga picha na simu wanasema huyu ana moto. Mzee mmoja kando yangu akafyonya. Jike wetu anatembea nyuma ya anko, masikio yanaenda mbele na nyuma taratibu, anaangalia kofia za watu. Anko amevaa suti! Tangu harusi ya binamu yangu sijamwona na suti.

Majoki wakatoka. Kabla ya hapo wanapimwa uzito wakiwa na tandiko mikononi, aliye mwepesi anaongezewa vipande vya risasi kwenye mifuko ya tandiko, na wakirudi wanapimwa tena, ukipungua umenyimwa ushindi hata kama ulikuwa mbele. Kuna wakati majoki hapa walikuwa karibu wote wazungu na Waafrika ni wa kushika kamba. Siku hizi ukisoma programu unaona James Muhindi na wenzake, na wanawake pia, Lesley Sercombe ameshinda mbio nyingi, mamake Patsy ni katika matreina wakubwa wa hapa. Lakini wale wa kushika kamba bado ni wale wale, na jina la saisi halimo kwenye programu. Ni kitu kinaniudhi na sijifichi. Wameweka jina la babake farasi, la mamake, la mwenye farasi, la treina, la joki, rangi za shati. Anayejua kama alikula asubuhi hayumo.

Kamari nayo ni haki yake kusemwa, juu watu wengi wanaenda kwa hiyo. Kuna bukii, yaani mtu wa kupokea dau, mnakubaliana bei na bei yako inabaki ile, na kuna toti ambapo hela zetu zote zinaingia kapu moja, wanatoa fungu lao, kilichobaki kinagawiwa walioshinda, kwa hiyo ukishinda na farasi ambaye kila mtu amemwekea unapata cha kununua soda. Kwa kawaida yule anayependwa na wengi anashinda kama mara moja kwa kila mbio tatu, kwa hiyo mara mbili katika tatu umati wote tumekosea pamoja. Nilimwekea jike wetu apate nafasi tu, yaani awe kati ya watatu wa kwanza, si kushinda. Anko hakunishauri. Hajawahi kunishauri hata mara moja, anasema akinishauri na nikikosa mamangu atampigia simu.

Mbio zenyewe nitazieleza haraka juu zilikuwa haraka. Geti likafunguka upande wa mbali, kutoka jukwaani unasikia mlio baada ya kuona. Yule dume wa povu akaenda mbele na kasi ambayo joki hakuwa ameiomba, akawavuta wote mpaka upande wa msitu. Pale nyuma huoni vizuri, ni rangi za mashati tu zinateleza nyuma ya uzio na sauti ya mtangazaji ikipanda. Jike wetu alikuwa wa sita au saba, ndani, amefichwa. Kona ya mwisho ikatapanya kundi, dume akaishiwa ghafla kabisa, ungedhani ameona ukuta, na jukwaa zima likasimama na ile sauti, jamani, sauti ya watu elfu kadhaa ambao kila mmoja anaita jina tofauti. Joki wetu akamtoa nje akapata nafasi. Alikuja. Alikuja vizuri sana mpaka mita mia hivi za mwisho, halafu akafika mahali ile kazi moja aliyokosa ilikuwa inamngoja. Unaiona kabisa, hatua inafupika, kichwa kinaanza kupanda. Joki akamwona amefika mwisho wake, akaweka kiboko chini akampeleka kwa mikono tu. Wa tatu.

Nikakimbia kuchukua hela zangu, hazikuwa nyingi, halafu nikaenda kule wanakofungulia matandiko. Anko alikuwa ameshamwagia maji, anamtembeza kwenye duara, maji, tembea, maji, tembea, mishipa ya ngozi yote imetoka nje kama ramani. Hakuona mbio. Alikuwa chini kwenye njia ya kutokea na kamba mkononi, kutoka pale huoni mstari wa mwisho, alisikia tu namba zikitangazwa. Treina akaja akainama hapo hapo kwenye matope na kofia yake nzuri, akashika mguu wa kushoto. Baridi. Akashika wa kulia. Baridi. Hapo ndipo nikamwona akicheka mara ya kwanza wiki nzima.

Sisemi kila siku inaisha hivyo. Nimeshawahi kuwa pale siku ambayo farasi alianguka upande wa mbali na wakafunga ile pazia ya kuzuia watu wasione, na kila mtu alijua pazia ni ya nini. Mguu wa farasi ukivunjika vibaya ni nadra kupona, hawezi kulala kitandani miezi mitatu, uzito wake mwenyewe unaua miguu mingine iliyobaki. Mtu akiniambia haendi kuangalia mbio kwa sababu hiyo sina la kumjibu na sijaribu. Mimi naenda. Lakini tangu siku hiyo nikiona treina amemwondoa farasi wake asubuhi ya mbio na watu wananung'unika kwa sababu walishaweka hela, mimi napiga makofi peke yangu.

Mwenye farasi alikuja mwisho, na yule rafiki yake, na chupa. Alimpa anko mkono na kitu ndani ya mkono. Halafu akamgeukia treina akasema maneno niliyojua yanakuja, kwamba lau angefanya ile kazi siku ile angeshinda. Treina hakukataa. Akasema labda. Wakaanza kuongea habari ya St Leger, ambayo ni ndefu kuliko Derby, mwenye farasi anasema huyu atapenda umbali, mmemwona alivyokuja. Treina anasema alivyokuja nimeona na alivyokwisha pia nimeona. Wakaniuliza mimi, ati kijana wewe ulikuwa jukwaani ulionaje, nikamwangalia anko, anko anaangalia ndoo ya maji. Nikasema farasi ni wenu bwana.

Tulipokuwa tunarudi stebo nikamuuliza anko yeye angempeleka Leger au angempumzisha. Akasema kwanza tuone kesho asubuhi amekula nini.